Kocha ana sura, anayesaini hana

(Wengi mliomba niiandike hotuba niliyoitoa juzi kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio, basi hii hapa, nimeiacha karibu kama nilivyoiongea, pale nilipopotea njia mtanisamehe.)

Shikamooni wazee. Kina mama shikamooni. Vijana mambo vipi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, jambo sana. Na Wakenya mko wapi? Ah nawaona, mmekaa karibu na nyama kama kawaida yenu.

MC kanipa dakika 15 na kaniambia nisiguse siasa, nisiguse dini, niongelee michezo ili watu wasigombane. Sasa MC wetu ni mgeni Ohio, kaja mwaka jana tu, hajui kwamba hapa michezo inagombanisha watu kuliko siasa na dini ukivipika chungu kimoja. Sawa, ametaka mwenyewe. Nitaongelea makocha wa futiboli ya vyuo, na hizi ligi zao zinazohamahama, na jinsi sisi mashabiki tunavyowahukumu hawa watu. Na nikisema futiboli leo namaanisha ile yao ya helmeti na mpira wenye umbo la embe dodo. Yetu nitaiita kandanda, ili mzee wangu pale asichanganyikiwe.

Naanza na tarehe 30 Novemba 2024. Waliokuwepo mji huu siku hiyo wanaikumbuka. Ohio State, chuo cha mji huu, wanacheza na watani wao Michigan hapa nyumbani, uwanja umebeba watu zaidi ya 100,000, yani uchukue uwanja wa Mkapa ujaze, afu bado uwe na watu elfu arobaini nje wanatafuta pa kukaa. Wiki nzima kabla ya mechi ukipita pale chuoni herufi M zote kwenye mabango zimebandikwa utepe mwekundu, kila M, hata ya kibao cha jengo la kusomea, manake M ni Michigan na Michigan haitamkwi. Mi nilivyoona mara ya kwanza nilidhani ni matengenezo. Na Michigan wamekuja wakiwa hoi, msimu mbovu, wameshapoteza mechi 5, kila mtu anajua leo ni karamu. Ikaisha 13 kwa 10. Michigan ndo kashinda. Mara ya nne mfululizo. Afu wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza pilipili, aibu tupu.

Mi siku hiyo nilikuwa barabarani naendesha, nyie mnajua nabeba abiria kwa app. Nikampakia mzee mmoja pale Lane Avenue, Mzungu, umri kama wa baba yangu, jaketi jekundu, kofia nyekundu, kakaa nyuma kimya. Nikasema nisimsemeshe, nikaweka redio chini. Tumeingia barabara ya 315 hajasema neno. Mara nikamsikia, taratibu kabisa, kama mtu anayesoma dua: afukuzwe. Nikamuuliza nani mzee wangu. Akasema Day. Ryan Day, kocha. Nikamuuliza ameshinda mechi ngapi tangu aanze? Akasema sitini na sita. Amepoteza ngapi? Kumi. Nikanyamaza kidogo manake nilikuwa napiga hesabu, mi ni mtoto wa Tanga, timu yangu ni Coastal Union, tulichukua ubingwa wa Tanzania 1988 na tangu siku hiyo tunaishi kwa kumbukumbu, sasa mtu ameshinda 66 kapoteza 10 kwetu Tanga angepewa kiwanja na mke. Mzee akaniona kwenye kioo akajua nawaza nini. Akasema: kumi ndiyo, lakini nne ni hawa.

Jamani nikamuelewa. Hapo hapo. Yule hakuwa anaongelea kazi, alikuwa anaongelea mtani wa jadi, na mtu wa Jangwani au wa Msimbazi huhitaji kumueleza zaidi ya hapo. Unaweza kushinda mechi zote ishirini na kitu za msimu ukapigwa na mtani, na mtaani ukapita kichochoroni.

Sasa siku 51 baadaye, tarehe 20 Januari 2025, Ryan Day huyo huyo, wachezaji hao hao, wakabeba ubingwa wa taifa. Walianza mtoano wa ubingwa na Tennessee hapa nyumbani, baridi ya kugandisha mate, mashabiki wetu kibao walikuwa wamesusa wakauza tiketi zao, ukiangalia jukwaani machungwa matupu kama soko la Muheza, Day akawachapa 42 kwa 17. Akaenda akamtandika Oregon, akamtandika Texas, fainali Atlanta akamfunga Notre Dame 34 kwa 23. Mwezi wa pili chuo kikampa mkataba mpya wa dola milioni 12 na nusu kwa mwaka. Huyu ambaye Novemba kibarua kilikuwa kinaota nyasi.

Nilitaka niishie hapo niseme mashabiki hatuna shukrani, nikae. Ila nilivyokaa kuifikiria nikaona kuna kitu kikubwa zaidi ndani yake, na ndo hicho kimenileta mbele yenu.

Kwanza tusiwaonee huruma kupita kiasi hawa makocha. Hela wanazolipwa ni za ajabu. Majimbo mengi ya Marekani ukitafuta mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote sio gavana, sio jaji, sio daktari mkuu, ni kocha wa futiboli au wa kikapu. Na wakifukuzwa ndo wanazidi kutajirika. Sisi kwetu kocha akitimuliwa anadai mishahara yake miezi sita mpaka aende FIFA. Hawa, Texas A&M walimtimua Jimbo Fisher Novemba 2023 na fidia ya kuvunja mkataba ilikuwa dola milioni 76 na ushee. Sabini na sita! Za kukaa nyumbani! LSU, chuo cha Louisiana, walimtimua Brian Kelly Oktoba 2025, hesabu yake kama milioni 54, mpaka gavana wa Louisiana akasimama mbele ya kamera akasema yule mkurugenzi wa michezo aliyekuwepo hatamchagua kocha anayefuata, bora hata amwachie Donald Trump achague. Gavana huyo. Anaongelea kocha.

Na pili wanadanganya. Nisiwafiche. Desemba 2006 Nick Saban akiwa Miami kwenye ligi ya kulipwa alisema mbele ya waandishi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Wiki chache tu, Januari, kashuka kwenye ndege Alabama, watu wanamgombania kumshika mkono. Tommy Tuberville, ambaye leo ni seneta, 1998 akiwa Ole Miss, yani chuo cha Mississippi, alisema hawatamtoa pale ila kwenye jeneza la msonobari, siku chache mbele kaenda Auburn, na hakuwa ndani ya jeneza. Lincoln Riley wa Oklahoma, Novemba 2021, kafungwa na Oklahoma State, anaulizwa kuhusu LSU anasema mi sitakuwa kocha wa LSU. Kweli hakuwa. Kesho yake kaenda USC, chuo cha Los Angeles. Huyo mi nampa alama zake, hakusema uongo, alijibu swali aliloulizwa tu, kama mtoto unayemuuliza umekula sukari anakwambia sijala sukari huku mdomo umejaa asali.

Lakini mfalme wao ni Lane Kiffin, huyu angezaliwa kwetu angekuwa taarab nzima. Januari 2010 yuko Tennessee, kakaa msimu mmoja tu, usiku akaaga anaenda USC. Wanafunzi wa chuo hicho pale Knoxville wakatoka mabwenini wakachoma magodoro barabarani. Magodoro! Wengine hapa tumelalia mkeka mpaka kidato cha nne, wenzetu wanachoma godoro kwa sababu ya kocha. 2013 USC nao wakamfukuza usiku wa manane, timu imetoka kufungwa na Arizona State, ndege imetua Los Angeles, akaambiwa pale pale uwanja wa ndege. Miaka ikapita, akaja Ole Miss, akatulia, watu wakasema sasa kaka kakua. 2025 timu inashinda mechi 11 inapoteza 1, inaingia mtoano wa ubingwa kwa mara ya kwanza kwenye historia yake, na tarehe 30 Novemba kaka kasaini LSU, mpinzani wao wa ligi hiyo hiyo! Akaomba aendelee kuifundisha Ole Miss mpaka mtoano uishe, mkurugenzi wao akamwambia hapana baba, nenda. Mashabiki wakajazana kwenye kile kiwanja kidogo cha ndege cha Oxford, mji wa chuo hicho, kumzomea, wazee na watoto, wengine wanamwonyesha vidole ambavyo mbele ya mama zangu sivitaji. Akachukua timu msaidizi wake, Pete Golding, na jamaa akamtoa Tulane, akamtoa Georgia, wakaja kufia nusu fainali kwa chuo cha Miami. Sasa wewe fikiria umeiacha hiyo timu wiki tatu kabla.

Kwahiyo hasira ina sababu. Mi mwenyewe nilipiga kelele sebuleni, mke wangu shahidi.

Sasa nisikilizeni hapa. Kiffin kahama peke yake, na mizigo yake. Kuna watu wamehamisha vyuo vizima. Nataka mniambie magodoro yao yalichomwa wapi.

Kwa wageni nieleze haraka. Vyuo hivi havichezi ligi moja ya taifa kama ligi kuu yetu. Viko kwenye makundi, wao wanaita konferensi, mi naita ligi. Zamani zilikuwa za kijirani. Big Ten ilikuwa ya huku kwetu, SEC ya kusini, Pac-12 ya pwani ya Pasifiki, ilianza 1915, zaidi ya miaka 100 watu wa pwani ile wanacheza wenyewe kwa wenyewe, baba anampeleka mtoto, mtoto anampeleka mjukuu. Afu ikaja hela ya tv. Julai 2021 ikasikika Texas na Oklahoma wanaiacha Big 12 wanaenda SEC. Tarehe 30 Juni 2022 USC na UCLA, watoto wa Los Angeles, wakatangaza wanakuja Big Ten, huku kwetu kwenye theluji. Mwaka huo huo Big Ten ikasaini na Fox, CBS na NBC, miaka 7, zaidi ya dola bilioni 7. Halafu tarehe 4 Agosti 2023, asubuhi ambayo Pac-12 iliyobaki ilitarajiwa kusaini mkataba wake na Apple, Oregon na Washington wakachomoka kuja Big Ten, jioni Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12 alikokuwa ameshatangulia Colorado. Siku moja jamani. Ligi ya zaidi ya miaka 100 ilivunjika asubuhi na jioni, kama harusi iliyoharibikia kwenye mahari. Mwezi mmoja mbele Stanford na Cal, ambao wako California, wakaingia ligi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki. Ni kama uichukue Kigoma uiweke mkoa wa Pwani kwa sababu nayo ina maji. Na Big Ten ina timu 18, Big 12 ina timu 16, msiniulize, wale ni wenye vyuo vikuu, hesabu wanazijua wao.

Sasa chukua hili ulipeleke kwetu. Fikiria Yanga wanaamka asubuhi wanatangaza wamejiunga na ligi ya Afrika Kusini, kwa sababu tv ya kule inalipa zaidi, na mechi ya watani haitakuwepo tena, Simba tafuteni mtu mwingine. Kariakoo pangekalika siku hiyo? Mi naamini hata bunge lingeahirishwa.

Na ndo kilichotokea Oklahoma. Oklahoma na Oklahoma State wamekutana tangu 1904, wanaiita Bedlam, yani vurugu, fujo. Mechi ya mwisho Novemba 2023, Oklahoma State kashinda 27 kwa 24, watu wakaingia uwanjani, wakang'oa magoli, na baada ya hapo basi, mkubwa kaenda SEC. Kocha wa Oklahoma State alikuwa Mike Gundy, kazaliwa jimbo hilo hilo, kachezea pale pale, kafundisha tangu 2005, hakuna kocha wa pale aliyeshinda mechi nyingi kuliko yeye. Timu ikabaki kwenye ligi iliyopoteza wakubwa wake, wachezaji siku hizi wanahama kila msimu kwa hela, Septemba 2025 wakapigwa na Oregon 69 kwa 3, wakarudi nyumbani wakafungwa na Tulsa, kibarua kikaota nyasi. Sisemi hakuwa na makosa, alikuwa nayo mengi tu, mdomo wake peke yake ulikuwa kosa. Lakini mtaani yeye ndo alibebeshwa zigo lote. Waliokaa kwenye zile simu za kupanga kuhama, nitajie majina mawili. Hata moja.

Kuna mwingine ambaye mi ndo ananiuma zaidi, Jonathan Smith wa Oregon State. Pale mji wa Corvallis huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, alichezea chuo hicho mwenyewe kama kwotabeki, yule mrusha mpira, akarudi kukifundisha kikiwa hoi akakiinua. Sasa Septemba 2023 wenzao wote wameshatangaza kuondoka, Pac-12 ya timu 12 imebaki timu 2, Oregon State na Washington State, kama watoto waliosahaulika shuleni mzazi hajaja kuwachukua. Novemba, siku moja tu baada ya kufungwa na Oregon, Smith akasaini Michigan State. Corvallis wakamwita msaliti. Jamani msaliti ni nani hapo? Nyumba imeshabomolewa, mabati yameshauzwa, huyu kafunga begi lake ndo anaitwa mwizi? Na wala hakufaidi sana, Michigan State nao walimtimua mwisho wa 2025.

(Hao wawili waliobaki lakini ni wabishi, nawapenda. Walienda mahakamani jimbo la Washington wakashinda, wakapewa udhibiti wa ligi na mali zake, na sasa wameijenga upya, Boise State na wengine wanaingia 2026.)

Nirudi kwenye hoja kabla MC hajanionyesha saa. Kwanini tunamchoma mmoja na kuwaacha kumi? Mi naona ni kwa sababu kocha ana sura. Jumamosi ana masaa matatu kamera iko usoni kwake, unaona anavyotafuna bigijii, unaona anavyomfokea refa, unajua jina la mkewe. Wakuu wa vyuo wanapiga kura kwenye simu, makamishna wa ligi wanavaa suti zinazofanana. Mfano uko hapa hapa. Ule mkataba wa Fisher uliogharimu milioni 76, ule ulioongezwa 2021 ukamfunga chuo mpaka 2031, uliongezwa mkurugenzi wa michezo wa Texas A&M akiwa Ross Bjork. Fisher katukanwa mpaka basi. Bjork mwaka 2024 kaja kazini hapa Columbus, ndo mkurugenzi wa Ohio State leo, ukikutana naye dukani na mkokoteni wake unaweza kumwomba akupishe. Wangapi hapa mlikuwa mnamjua? Nyoosheni mikono. Watatu. Na mmoja anafanya kazi chuoni, hesabu ibaki wawili.

Na msiniambie mashabiki hawana nguvu. Wanazo. Novemba 2017 Tennessee walikuwa wamemalizana na Greg Schiano awe kocha, kila kitu tayari, Jumapili hiyo hiyo mashabiki wakalipuka kwa tuhuma za huko alikotoka nyuma, tuhuma ambazo mwenyewe alizikana na sizirudii hapa, wanafunzi wakaandika ujumbe kwenye lile jiwe lao kubwa la chuoni, wanasiasa wakaingia, na kabla jua halijazama dili limekufa. Ilikuwa haki? Mi sidhani ilikuwa haki. Ila nguvu ilionekana.

Afu kumbukeni Aprili 2021. Hii mnaijua nyote manake mlikuwa hamlali. Vilabu 12 vya Ulaya vilitangaza Super League yao, Jumapili usiku. Jumanne mashabiki wa Chelsea wanaziba barabara pale Stamford Bridge, Jumanne hiyo hiyo usiku Waingereza wote sita wamejitoa. Siku mbili tu. Arsenal wa hapa naona mnatikisa kichwa, mlichangia na nyie, kwenye grupu la wasapu.

Sasa kwanini Waingereza waliweza na Wamarekani wakashindwa? Nimelifikiria hili nikiwa kwenye foleni za airport, na jibu langu ni kwamba Uingereza shabiki wa timu kubwa alijiona naye anaibiwa. Hapa kila aliyehama aliambiwa umeshinda. Shabiki wa USC kaambiwa unaenda kwenye hela, wa Texas kaambiwa unaenda kwa wakubwa, sisi wa Ohio State tukaambiwa tunaletewa Los Angeles, nani alalamike? Aliyelia ni Corvallis, ni Pullman ya Washington State, ni Stillwater ya Oklahoma State, miji midogo, na kilio cha mji mdogo hakifiki studio za tv. Mi mwenyewe nikiri mbele yenu, Oktoba 2024 Ohio State walipoenda Oregon kwa mara ya kwanza kama mechi ya ligi, nilifurahi kama mtoto, tukafungwa 32 kwa 31, mechi tamu kuliko zote za mwaka huo, na sikumkumbuka mtu wa Oregon State hata sekunde. Yeye kaachwa si mbali na pale mi nashangilia.

Na haki ya Mungu sio yote mabaya. Texas na Texas A&M walikuwa hawachezi tangu 2011 kwa sababu ya uhamaji wa zamani, na uhamaji mpya ndo umewarudisha pamoja 2024. Nayo ni kweli, tuiseme.

Lakini mama mmoja hapa, simtaji, binti yake anacheza voliboli sekondari na ana kipaji, aliniuliza jumapili iliyopita ampeleke ligi gani. Mama yangu, hili ndo halimo kwenye kelele za futiboli. Futiboli wanasafiri mara chache, Jumamosi kwa Jumamosi, na ndege ya kukodi. Mabinti wa voliboli wanacheza mara mbili kwa wiki. UCLA na Rutgers sasa ni ligi moja, moja iko Los Angeles nyingine New Jersey, karibu kilomita 4,000, hiyo ni kutoka Nairobi uende mpaka Cairo na bado hujafika. Afu Jumatatu ana mtihani wa kemia. Ukienda kutembelea chuo usimuulize kocha wanashinda ngapi, muulize mwaka jana mabinti walikosa vipindi siku ngapi, na umwangalie usoni akijibu.

MC nimekuona. Namalizia.

Novemba 2025 Day akaenda Michigan akawafunga 27 kwa 9. Nikamkumbuka mzee wangu wa jaketi jekundu, nikasema huko aliko leo analala usingizi. Wiki moja mbele Ohio State kafungwa na Indiana fainali ya Big Ten, 13 kwa 10, matokeo yale yale. Tarehe 31 Desemba kafungwa na Miami 24 kwa 14, ubingwa ukaenda na maji. Mi nikalala mapema. Tarehe 1 Januari naamka niwatakie heri ya mwaka mpya kwenye grupu letu, nakuta ujumbe umeingia saa saba za usiku, umeandikwa kwa herufi kubwa, una alama za mshangao nne: HUYU DAY AFUKUZWE. Aliyeutuma simtaji. Ana miezi kumi na nne tangu afike Marekani, anatoka Kigoma, amevaa shati la bluu, na hivi sasa anajifanya anatafuta chumvi.